NBA 2K22 ya mtumba: MyCareer haifunguki

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, umenunua CD ya 2K22 (gemu ya mpira wa kikapu) ya PS4 mkononi mwa mtu, mechi za kawaida zinacheza ila MyCareer (ya kukuza mchezaji wako mmoja) na MyTeam (ya kukusanya kadi za wachezaji) zinagoma, na unataka kumrudishia muuzaji.

Anza na Play Now, yaani mechi ya haraka. Ikifunguka, CD ni nzima, kwa hiyo usihangaike na ruta wala kufuta gemu. MyCareer na MyTeam zinategemea seva za kampuni ya 2K, na seva za 2K22 zilizimwa tarehe 31 Desemba 2023. Za 2K21 zilizimwa mwaka mmoja kabla, za 2K23 mwaka mmoja baadaye. Ndiyo desturi yao, na mimi inaniudhi, maana mtu amelipia gemu nzima.

Kikubwa kilichobaki ni MyLeague, na kwangu huo ndio utamu wa 2K: unaendesha timu hadi misimu 80, unabadilishana wachezaji, unachagua chipukizi, yote bila bando. Izoee kwanza.

Ukitaka hadithi ya mchezaji bila intaneti, na una PS3, tafuta 2K11 yenye Michael Jordan kwenye kava. Zile changamoto zake 10, za kurudia mechi kubwa za Jordan, hazitegemei seva. Mkuu, utatoka jasho.