Siku nne Nepal: mahekalu, milima na ratiba isiyokimbizana

*Shikamoo Mama Safari. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi hotelini Doha. Wenzangu wengi wa zamu ni Wanepali, na kila wakitoka likizo wananionyesha picha za mahekalu yao na milima yenye theluji, mpaka na mimi nimeshikwa na hamu. Novemba nina mapumziko ya siku nne. Wakala mmoja amenitumia ratiba: Kathmandu, Pokhara, Chitwan kuona vifaru, kisha Lumbini alikozaliwa Buddha, yote kwa basi na kiongozi ndani ya siku hizo nne. Anasema Everest pia nitaiona. Inawezekana kweli? Na kwenye mahekalu mtu anavaaje, anakaaje?*
*Msomaji, Doha*

Marahaba mwanangu. Ratiba hiyo usiilipie.

Kathmandu hadi Pokhara ni kilomita kama 200, na kwa karatasi unaona ni asubuhi moja tu. Lakini barabara hiyo inafuata bonde la mto Trishuli, kona juu ya kona, malori mbele na nyuma, na imekuwa ikipanuliwa miaka nenda rudi. Siku nzima inaishia humo. Ukiongeza Chitwan na Lumbini, halafu kurudi Kathmandu kuwahi ndege, huna tena saa ya kusimama mbele ya kitu chochote. Kabla ya kushika safu hii niliongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu, na mgeni anayekimbizwa namtambua kwa macho: anapiga picha haraka, anauliza tunaondoka saa ngapi, na jioni hakumbuki asubuhi aliona nini. Sitaki uwe huyo, hasa kwa pesa unayoitolea jasho.

Bakia ndani ya bonde la Kathmandu. Humo mna miji mitatu ya kifalme ya zamani, Kathmandu, Patan na Bhaktapur, yote karibu karibu, na tangu 1979 bonde hilo limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa maeneo saba: viwanja vya kifalme vya miji hiyo mitatu, stupa mbili za Wabuddha, yaani majengo yao ya ibada yenye umbo la kuba, na mahekalu mawili ya Wahindu. Na ukingoni mwake kuna kilima cha Nagarkot, mita zaidi ya 2,100, ambako asubuhi yenye anga safi Himalaya inajipanga mbele yako yote.

Kutoka Doha ni safari ya ndege isiyofika saa tano. Omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Mnapokaribia, milima iko kaskazini, na walio kulia huwa wanasimama wakichungulia juu ya vichwa vya wenzao. Saa yako isogeze mbele kwa saa 2 na dakika 45. Hizo dakika ndizo zinazowachanganya watu wakakosa gari.

Siku ya kufika, jioni, nenda Boudhanath tu. Ni stupa kubwa nyeupe iliyochorwa macho ya Buddha pande zote nne, na inazungukwa na maduka na monasteri za Watibeti waliokimbilia huko, wengi wao baada ya 1959. Watu wanaizunguka huku wakisukuma magurudumu ya sala kwa mkono, wazee kwa vijana, wengine wanarudi moja kwa moja kutoka kazini. Zunguka nao, na stupa iwe mkono wako wa kulia siku zote. Usikate kinyume, hata kama rafiki amekuita upande wa pili kupiga picha.

Siku ya pili asubuhi iwe ya Pashupatinath, hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, kando ya mto Bagmati. Hekalu kuu lenyewe huingii, ni la Wahindu peke yao, na mlinzi akikuzuia usibishane. Utakaa ng'ambo ya mto, kwenye ngazi za mawe, na kutoka pale utaona maiti zikichomwa kwenye majukwaa ya upande wa pili. Naomba nikuambie hili kwa uzito wote: usipige picha. Najua kila mgeni anapiga, na najua waongozaji wanaowaonyesha wageni pembe nzuri ya kusimama. Pale kuna mtoto wa kiume amenyoa kichwa, amevaa nguo nyeupe, ndiye anayewasha moto wa baba yake. Sisi kwetu mtu akija makaburini na kamera wakati tunazika, tungemfanya nini? Kaa kimya kidogo, kisha nyanyuka uende zako.

Mchana nenda Bhaktapur, kilomita kama 13 mashariki, na ulale huko huko, usirudi Kathmandu. Makundi ya watalii huja saa nne asubuhi na kuondoka alasiri, kwa hiyo mji wenyewe unaukuta jioni na alfajiri. Alfajiri hiyo wanawake wanatoka na sinia ndogo ya shaba: mchele, ua, unga mwekundu, kipande cha uvumba. Kila mmoja anasimama kwenye kijihekalu cha pembeni ya nyumba yake, kisichozidi kimo cha goti, anapaka unga, anagonga kengele, anaendelea na safari ya kwenda kununua maziwa. Hakuna tiketi ya kuona hilo na hakuna anayekuonyesha, inatosha uwe umeamka.

Nyatapola liko kwenye uwanja wa Taumadhi. Ni hekalu la paa tano zilizopangana, lilijengwa 1702 na mfalme Bhupatindra Malla. Panda ngazi zake polepole uwatazame walinzi wa mawe waliosimama wawili wawili kila ngazi kubwa. Chini kabisa ni wanamieleka wawili, ambao inasemwa walikuwa na nguvu mara kumi ya mtu wa kawaida. Juu yao tembo, mara kumi ya wanamieleka. Kisha simba, kisha viumbe wenye mwili wa simba na mdomo wa ndege, na juu kabisa miungu wawili wa kike, kila daraja likizidi la chini mara kumi. Ndani hawaingii isipokuwa makuhani, na ukishawahesabu walinzi utaelewa ni kitu kizito kiasi gani kinalindwa mle. Hekalu hili lilistahimili tetemeko la 1934, likastahimili na lile la tarehe 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, lililoua watu karibu 9,000 nchini. Jirani yake kwenye uwanja wa kifalme, hekalu la mawe la Vatsala Durga, lilianguka lote, na limejengwa upya. Utaona matofali mapya mekundu kando ya yale ya zamani yaliyofifia. Mwulize kiongozi wako tetemeko lilimkuta wapi, kama yuko tayari kulisimulia. Mimi nililoelezwa hivyo sitalisahau.

Usiondoke bila kuangalia madirisha. Mafundi Wanewari, wenyeji wa asili wa bonde hili, wanachonga mbao kwa namna itakayokukumbusha milango ya Zanzibar, na dirisha la tausi, kwenye kichochoro nyuma ya hekalu la Dattatreya, ndilo wanaloringia zaidi. Halafu kaa mahali ule mtindi wa Bhaktapur, ule mzito unaogandishwa kwenye bakuli la udongo. Wafinyanzi wanaofinyanga mabakuli hayo wana uwanja wao, wameyaanika juani safu kwa safu.

Siku ya tatu mchana panda gari hadi Nagarkot, kama kilomita 20, ulale. Siku ya nne uwe nje kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kuhusu Everest, wakala hakudanganya moja kwa moja: kutoka Nagarkot, hali ya hewa ikiwa nzuri sana, ni nukta mbali mashariki ambayo lazima uonyeshwe kwa kidole. Usiende kwa ajili ya hiyo. Mbele yako kutakuwa na safu ya Langtang, yenye kilele cha zaidi ya mita 7,200, na mwanga wa kwanza unaigusa huku bonde lote chini bado liko gizani. Novemba umechagua vizuri. Mvua za masika ya kule huanza Juni na kukata Septemba, na anayekwenda Julai analipia mawingu.

Kama ndege yako ni ya jioni, baada ya chai tembea kushuka hadi Changu Narayan, matembezi ya saa chache kupitia vijiji na mashamba ya matuta. Hekalu lile la Vishnu, mungu mwingine mkuu wa Wahindu, ni miongoni mwa yaliyo makongwe zaidi bondeni: kwenye uwanja wake kuna maandishi ya mfalme Manadeva yaliyochongwa kwenye nguzo ya jiwe mwaka 464. Gari likusubiri hapo. Uwanja wa ndege uko upande huo huo wa mji.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, viatu vya kuvulika kwa urahisi. Mikanda na mikoba ya ngozi iache hotelini, kwani mahekalu kadhaa ya Kihindu hayaruhusu ngozi kuingia. Usiguse sadaka hata kama ni ua limeanguka chini, na usikae umenyoosha miguu kuelekea sanamu au mtu.

Kiongozi mchukue mwenye leseni, akuonyeshe kitambulisho chake. Kabla ya kulipa, mwulize wakala huyo kiongozi analipwa kiasi gani kwa siku. Akikwepa, tafuta mwingine. Nimeona milimani watu wanaobeba mzigo wote wakipata makombo, na ratiba za bei chee hujengwa hivyo hivyo: kiongozi hana mshahara, kwa hiyo anakupeleka kwenye maduka yenye kamisheni. Bakshishi mpe mkononi mwake mwenyewe.

Viza ya siku 15 uwanjani imekuwa dola 30, lakini pita kwanza ubalozi wa Nepal hapo Doha na pasipoti yako, na uhakikishe kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kurudi Qatar. Na hao wenzako wa zamu waulize kama kuna mmoja ana dada au shangazi Bhaktapur. Mwaliko wa chakula nyumbani ukipatikana, futa chochote nilichoandika hapo juu uende.

*Assalamu alaykum. Mimi na mke wangu tuko Muscat, tunataka kwenda Nepal. Wazee wananiambia huko ni masanamu matupu na chakula halali hakuna. Ni kweli?*
*Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. La kuingia au kutoingia hekaluni mwulize sheikhe wako, mimi si wa kulitolea hukumu. Ninaloweza kukuambia ni kwamba hakuna atakayekulazimisha chochote. Uzuri mwingi wa mahekalu yale uko nje: paa, nakshi, viwanja, watu. Mtu akitaka kukupaka alama nyekundu kwenye paji la uso, kutanisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, utabasamu; ataelewa, wala hachukii. Hivyo hivyo ukipewa chakula kilichotolewa sadaka.

Waislamu Nepal ni kama asilimia 5 ya watu wote, na katikati ya Kathmandu, karibu na mnara wa saa wa Ghantaghar, kuna misikiti miwili inayojulikana. Mikahawa ya halali itafute mitaa hiyo. Kwingineko chakula cha kila siku ni wali, mchuzi wa dengu, mboga na achari, na sahani yako inaongezwa mpaka useme basi. Nyama ya ng'ombe hutaikuta, kumchinja ni kosa kisheria. Ile nyama nyekundu utakayoiona kwenye momo, vile vitonge vya unga vilivyojazwa nyama, kwa kawaida ni ya nyati, nayo uliza imechinjwa na nani.

*Shikamoo Mama. Nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Tuna siku nane. Naogopa ngazi na naogopa kimo. Pokhara tuiache?*
*Msomaji, Arusha*

Marahaba binti yangu, na Mungu akubariki kwa wazo hilo. Kimo kisikutishe: Kathmandu iko kama mita 1,400, sawa na hapo Arusha mlipo, na Pokhara iko chini zaidi.

Kwa siku nane Pokhara msiiache, ila nendeni kwa ndege, ni nusu saa hivi, na mkae upande wa kulia. Mama akae kwenye mtumbwi ziwa Phewa mpelekwe kwenye kijihekalu cha Tal Barahi kisiwani. Mbele yenu utasimama Machapuchare, mlima wa mita 6,993 wenye kilele kilichopasuka kama mkia wa samaki. Wanauheshimu kama mlima wa Shiva. Mwaka 1957 Waingereza walifika mita chache chini ya kilele wakasimama, na tangu hapo umefungwa kwa wapandaji. Mimi niliyekula mkate wangu kwa kupandisha watu mlimani nafurahi kwamba upo mmoja ulioachwa.

Swayambhunath, stupa ya kilimani hapo Kathmandu, ina ngazi 365 upande wa mbele, lakini gari hupita nyuma na kumshusha mama karibu na juu. Chakula kisionekane mkononi, nyani wa pale hawaombi. Kwa mtazamo wa milima bila kupanda, mpelekeni Chandragiri, kusini-magharibi mwa mji. Kuna gari la kebo linalopanda hadi karibu mita 2,500, na juu kuna hekalu la Bhaleshwor na viti vya kutosha. Patan pia ni tambarare.

Kurudi kutoka Pokhara msikutanishe siku moja na ndege ya kuja nyumbani. Ukungu wa asubuhi huchelewesha ndege ndogo, wakati mwingine mpaka kesho yake. Laleni Kathmandu usiku mmoja kabla, na masweta yawekeni kwenye begi la mkononi.