Maswali ya bustani: acheni kuchoma majani

Mvua ikikata mwezi wa tano, shule za Lubumbashi hukumbuka bustani. Wanafunzi hupelekwa nje ya mji kuona mboji na matuta ya mboga, wanapiga picha, wanarudi, halafu barua zinaanza kunifikia. Za safari hii ndizo hizi.

Papa, kule matembezi tuliona rundo la mboji linatoa mvuke asubuhi. La shuleni kwetu lina miezi miwili, limepoa, na majani bado ni majani. Tumekosea wapi? (Mwanafunzi, Katuba)

Mmerundika majani makavu ya mwembe peke yake, sivyo? Hayo hata mwaka hayamalizi kuoza. Vijidudu vinavyoozesha vinataka chakula cha aina mbili: kikavu (majani, mabua) na kibichi (maganda ya ndizi na viazi, majani mabichi ya palizi, mavi ya kuku). Pangeni kwa tabaka, vikavu vizidi kidogo. Majani ya mwembe ni magumu, yakatekateni kwa panga kwanza.

Ukubwa nao ni neno. Rundo lisilofika mita 1 kwa urefu, upana na kimo halishiki joto, na joto la nyuzi 55 hadi 65 ndilo linaloua mbegu za magugu. Kisha maji. Chukua konzi kutoka katikati, kamua: likidondoka tone moja au mawili, vizuri. Likimwagika maji, ongeza makavu. Likibaki vumbi mkononi, na kwa baridi hii kavu nadhani ndivyo lilivyo, nyunyiza, ufunike kwa gunia. Geuzeni kila baada ya wiki mbili. Likinuka kama mkojo, mmezidisha mavi ya kuku.

Naweza kutia mifuko ya plastiki ikikatwa vipande vidogo sana?

Hapana. Wala pampasi, wala betri. Kila mwaka swali hili, na kila mwaka jibu ni hilo.

Prefe wetu, mkuu wa shule, anataka uwanja safi, kwa hiyo kila Jumamosi watoto wanafagia na kuchoma majani. Majivu si mbolea pia? (Mwalimu, Kampemba)

Mwalimu, wewe ndiye uliyewapeleka watoto kujifunza mboji, halafu Jumamosi unawapa kiberiti? Majivu yana potasi na chokaa kidogo, nakubali. Udongo wetu mwekundu una uchachu, kwa hiyo konzi moja moja ya majivu yaliyotawanywa haidhuru. Lakini naitrojeni imepanda na moshi, na ile mali ya kuozea inayofanya udongo ushike maji haipo tena. Mnachoma mbolea Jumamosi, na Jumatatu mnachanga pesa za kununua urea.

Mwambie prefe hivi: shimo moja nyuma ya choo, si karibu na kisima, na uwanja utakuwa safi vilevile. Tena moshi huo watoto wanauvuta. Kiangazi chote pori letu linaungua toka huku hadi Kipushi, hatuhitaji shule kuongeza.

Bomba linakauka siku nzima. Tumwagilie kwa maji gani? (Mama wa kamati ya wazazi, komuni ya Kenya hapa Lubumbashi)

Kwanza, mama, punguzeni kiu ya bustani yenyewe. Nimeona shule zinajenga matuta yaliyoinuka mwezi wa saba, kwa sababu ndivyo walivyoyaona wakati wa mvua. Tuta la kuinuka ni la kukimbiza maji. Kiangazi chimbeni kitalu kishuke chini ya usawa wa njia, kina cha kiganja, tia mboji, maji yakae humo. Tandazeni nyasi kavu juu, lakini lengalenga (mchicha) ziache zifikie kimo cha mkono kwanza, na nyasi zisiguse shina: mchwa wa hapa hawabishi hodi. Kwa nyanya, zikeni chungu cha udongo kisichopakwa rangi, mdomo ubaki juu, mkijaze na kukifunika. Maji yanapenya polepole hadi kwenye mizizi.

Mwagilieni jioni au alfajiri, chini kwenye udongo, si kwenye majani. Maji ya kufulia pelekeni kwenye migomba, si kwenye mboga, kwani chumvi ya sabuni ya unga huharibu udongo. Na jambo ambalo hukuuliza: bustani ya shule isiwe sababu ya kumtuma mtoto wa darasa la pili na bidoni ya lita 20 kabla ya masomo. Kama maji hayapo, pandeni kitalu kimoja, si kumi.

Udongo wa kichuguu unafaa?

Unafaa sana. Una mfinyanzi na kalisi kuliko udongo wa pembeni, na uchachu wake ni mdogo. Tawanya kidogo, changanya na mboji. Ila haraka, kabla wachoma matofali hawajaumaliza.

Mtoto amerudi anasema tusile mboga zilizolimwa karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali. Tanuri lilizimwa zamani, si woga tu? (Baba, karibu na Penga-Penga)

Si woga. Tanuri lile lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi. Shaba, risasi, kadimi na aseniki vilivyoanguka huko haviozi, wala havijui kwamba tanuri limezimwa. Mboji na chokaa hupunguza kiasi kinachoingia kwenye mmea, haviviondoi.

Mboga za majani ndizo zinazobeba zaidi, na vumbi likazidi juu yake. Afadhali mahindi au nyanya. Ukitaka lengalenga, leta udongo safi kutoka mbali, uutie kwenye magunia juu ya plastiki, na uzioshe kwa maji mawili. Yale mavumbi unayofagia uani usiyatie kwenye mboji. Na mdogo wake anayetambaa, mnawisheni mikono kabla hajala, kwa sababu anayoyala sakafuni yanaweza kuwa mengi kuliko ya kwenye sahani.