Uliza Fundi: Masega, themostati na redio ya Kijapani

Mwezi huu meseji za magari ya zamani zimekuja nyingi kweli, na karibu zote zina ule wimbo mmoja, fundi kabadilisha hiki, kabadilisha na kile, tatizo liko palepale. Nimechagua chache. Mlioniuliza bei za spea mnisamehe, bei ya Kariakoo ya leo nikiiandika hapa mpaka gazeti litoke itakua imeshabadilika.

Fundi shikamoo. Nina IST ya 2004 ya cc 1500. Nikiwa kwenye foleni ya kivuko nimekanyaga breki gari inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, ikianza kutembea inatulia. Taa ya chek injini inawaka na kuzima inavyotaka yenyewe. Fundi wa mtaani kabadilisha plagi, akabadilisha pampu ya mafuta, sasa anasema masega, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi, yameziba na anamjua mtu anayanunua, eti nitatengenezewa gari na chenji nitabaki nayo. Niuze? — Dada wa IST, Kigamboni

Marahaba dada. Usiuze, na usinunue spea nyingine yoyote mpaka tujue gari inaumwa nini, maana kwa maelezo yako hiyo pampu ulilipia bure. Pampu ikichoka kwa kawaida unaiona gari inakosa nguvu kwenye mlima na ukikanyaga sana mafuta, siyo kutetemeka umesimama halafu ikitembea inapona.

Anza na kitu kisicho na gharama. Siku ikitetemeka tena iko kwenye D, mguu ukiwa kwenye breki, peleka N. Kama mtetemo unapungua sana mshukiwa wa kwanza ni mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini na gia boksi kwenye bodi, na gari ya mwaka huo kama hazijawahi kubadilishwa zitakua zimepasuka au zimelala. Fundi afungue boneti asimame PEMBENI siyo mbele, wewe kanyaga breki kwa nguvu uweke D, halafu R, halafu D, aangalie injini inavyonyanyuka. Injini yenye mauntingi nzima inasogea kidogo tu, ikiwa inaruka jibu mmeshalipata. Lakini kama hata kwenye N inatetemeka vilevile na mlio wa eksozi unakatika katika, hapo kuna silinda inamisi, yaani haiunguzi mafuta inavyotakiwa, na ndo tunaenda kwenye ile taa.

Taa ya chek injini haikuambii nunua nini, inakuambia kuna kodi, yaani namba ya kosa, imehifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, ikasomwe. Kuna kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani unasoma kwenye simu, ila baadhi ya gari za soko la Japan za miaka hiyo zinagoma kuongea nacho, kikigoma nenda gereji yenye mashine. Ukikuta P0300 maana yake inamisi bila kuchagua silinda. P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda yenyewe. Tuseme imekuja P0302, ni silinda ya pili. Injini yako ni 1NZ, ina koili nne, zile zinazoipa plagi umeme, kila plagi ina ya kwake, kwahiyo hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa kodi, endesha siku mbili tatu, soma tena. Ikija P0303 koili ndo mbovu na unanunua MOJA, siyo nne. Isipohama fanya hivohivo kwa plagi, na hizo mpya usiziamini sana, plagi feki zimejaa na boksi lake linafanana kabisa na la orijino. Ikishindikana hapo ndo unaangalia nozeli zinazopuliza petroli, na mipira ya hewa nyuma ya injini ambayo ikipasuka injini inavuta hewa isiyohesabiwa.

Throtobodi, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, nayo isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, masizi yakijaa pale sailensi, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inayumba, tena ukiwasha AC ndo balaa zaidi. Kama ya kwako kile kifuniko cha ndani kinaendeshwa kwa umeme fundi asikisukume kwa kidole.

Sasa masega. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndo maana kuna watu wanazunguka kuyatafuta, na mara nyingi anayekushauri kuyatoa na anayeyanunua ni washkaji. Masega yaliyoziba yanafanya gari iwe nzito, ukikanyaga haiendi, yako haina dalili hiyo. Ila ukiiacha gari inamisi miezi na miezi petroli ambayo haijaungua inaenda kuungulia kwenye masega na hapo kweli yatakufa. Ukiyatoa taa ya chek injini itawaka moja kwa moja kwa kodi nyingine, P0420 mara nyingi, halafu siku ikiwaka kwa tatizo la maana hutajua.

Kijana, habari za kazi. Nina Carina Ti ya 1998, injini 5A, niko Mbeya. Mwaka jana ilichemsha kwenye kona za Kitonga, fundi wa pale njiani akatoa themostati, ile vali ya maji ya injini, akasema huku kwetu haina kazi, na feni akaiunga dairekti. Tangu siku hiyo haijachemka tena lakini mafuta inakunywa, mshale wa temprecha hautaki kupanda, na asubuhi hita haitoi joto. Nimeambiwa ndivyo inavyotakiwa. — Mzee wa Carina, Mbeya

Shikamoo mzee wangu. Sivyo inavyotakiwa. Yule fundi pale njiani alikuvusha na kwa hilo simlaumu, Kitonga siyo pa kulala, ila huduma ya kwanza haiwezi kugeuka kua matibabu ya mwaka mzima, na haya mambo mawili aliyofanya, kutoa themostati na kuunga feni dairekti, yamefanywa kwa magari mengi sana nchi hii kiasi kwamba kuna mafundi vijana wanadhani gari ilitoka kiwandani hivyo.

Themostati za injini kama hiyo zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Chini ya hapo maji hayaendi kwenye rejeta, yanazunguka ndani ya injini ili ipate joto haraka. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na feni nayo inapuliza muda wote, tena Mbeya, tena mwezi wa sita. Injini haifiki joto lake hata siku moja. Kompyuta inasoma sensa ya temprecha inaona injini ya baridi, inaongeza petroli kama vile ndo umewasha gari alfajiri, na inaendelea kuongeza mpaka unafika Makambako. Hapo ndo mafuta yako yanapoenda. Na oili isiyopata moto inabaki na unyevu, ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando mweupe kwa chini ujue ni hilo, ingawa kama kwenye stiki ya oili nako kuna weupe au maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja sehemu, hiyo sasa ni gasketi ya silinda hedi na ni habari nyingine kabisa.

Kwahiyo mzee, swali la mwaka jana halijajibiwa bado, kwanini ilichemsha? Usirudishe themostati kabla ya kulijibu, utachemsha tena palepale. Rejeta ifunguliwe iziburiwe, miaka ya kujazia maji ya bomba na ya mtoni inaacha magadi ndani mpaka nusu ya mirija haipitishi kitu. Halafu mfuniko wa rejeta. Hiki kitu ni cha bei ndogo na kinadharauliwa mno. Mji wenu uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huko yanachemka kwenye nyuzi 94, hayafiki 100, kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikwa na huo mfuniko na koolanti iliyochanganywa nusu kwa nusu. Raba ya mfuniko ikikakamaa presha inatoka, maji yanachemka mapema. Nunua mpya wenye namba ileile iliyoandikwa juu ya wa zamani, na tafadhali usifungue injini ikiwa ya moto.

Kisha feni irudishwe kwenye swichi yake. Kwa kawaida ukiwasha AC feni inatakiwa izunguke hapohapo, hata injini ikiwa ya baridi, hicho ni kipimo cha haraka cha mota yenyewe. Mwisho themostati mpya, na kabla haijafungwa itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka kabla maji hayajachemka, mpya nazo kuna mbovu. Na mzee, 5A inatumia mkanda wa taimingi siyo cheni, ukikatika gari inazima hapohapo ulipo. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya safari nyingine ya Dar.

Oya fundi mambo vipi. Nimechukua Raum, redio yake ya Kijapani inashika stesheni moja tu na inaongea Kijapani muda wote. Hakuna namna bila kununua redio mpya? — Dodoma

Poa. Redio haijafa. Japan masafa yao ya FM yalikua 76 mpaka 90, sisi tunatumia 88 mpaka 108, kwahiyo mnakutana kwenye kile kipande cha 88 mpaka 90 tu, na hapo ndo iko hiyo stesheni yako moja. Kuna kiboksi kidogo kinaitwa ekspanda, kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kinashusha masafa. Zipo zinazoshusha 12, ukifunga hiyo stesheni ya 100.0 utaipata kwenye 88.0, hesabu utaizoea. Shida ni kwamba haikupi masafa yote, zile za juu kabisa bado zitakukwepa, na sauti inapungua ubora kidogo. Mi ningekua wewe ningevumilia nichange ninunue redio ya kawaida yenye bluetooth.

Siku ukibadilisha usikubali waya zikatwe! Toyota nyingi zina soketi mbili nyuma ya redio, kuna adapta zake unachomeka tu. Na kama redio yako ni ile ya navigesheni usichomoe betri ovyo, kuna ambazo umeme ukikatika zinadai kadi ya ramani au namba za siri na zinabaki kua pambo.

Kaka, nina IST nataka niinyanyue kwa spesa, barabara ya kwetu mbovu, na niweke rimu za 17. Washkaji wanasema itakaa kibabe. — Dogo wa Mbezi

Itakaa kibabe, sibishi. Spesa ndogo kwa barabara kama hiyo naielewa, inchi moja hivi, ikifungwa vizuri na ukaenda wili alaimenti siku hiyohiyo. Ukizidisha, draivshafti zinakaa kwa kupinda muda wote na CV, vile viungo vya draivshafti, zinaanza kulia ukikata kona, mipira ya breki inavutika, na gari iliyo juu inayumba zaidi kwenye speed. Kabla ya hapo hakikisha shokapu na springi ni nzima, kuna gari nyingi zinanyanyuliwa kumbe zimelala tu, springi zimechoka.

Rimu za 17 kwa barabara mbovu ndo sikuelewi dogo. Tairi inakua nyembamba, shimo la kwanza rimu imepinda. Hela hiyo nunua tairi nzuri za saizi iliyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na uangalie zile namba nne za mwisho ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani inayong'aa dukani bado ni ya zamani.

Asalaam aleikum. Nina Probox, mataa ya mbele yamekuwa ya manjano, usiku sioni. Makanika asema nisugue kwa dawa ya meno kisha nitie balbu za LED. Waonaje ndugu yangu? — Likoni, Mombasa

Waaleikum salaam. Dawa ya meno inang'arisha kweli, kwa wiki chache. Taa hizo ni za plastiki, juu zilipakwa tabaka la kuzuia jua, tabaka likiisha jua la Pwani linaikaanga plastiki yenyewe. Bandika selotepu kwenye rangi ya bodi kuzunguka taa, sugua kwa msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 2000, maji yakimwagika muda wote. Taa itaonekana kama umeiharibu kabisa, tulia, pitisha kompaundi mpaka iangaze. Kisha LAZIMA upake kliya yenye kinga ya jua au ubandike filamu yake, ukiacha hivohivo utarudia msasa kabla mwaka haujaisha.

LED achana nazo kwanza. Kioo cha ndani ya taa kimechongwa kwa balbu ya halojeni, LED inatoa mwanga sehemu nyingine na unatawanyika, wewe unaona mweupe mbele yako kumbe dereva anayekuja umempofusha. Safisha taa, weka halojeni mpya, upime tena usiku.

Fundi, betri mpya lakini kila gari ikilala siku mbili haiwaki. — Morogoro

Pima kwa mita. Asubuhi kabla ya kuwasha betri nzima inasoma volti 12.6 hivi, gari ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo injini ikiunguruma, oltaneta haichaji. Ikiwa inachaji vizuri kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, mita iwe kwenye ampia katikati ya taminali ya negativu na waya wake, usubiri kama nusu saa kompyuta zilale, isizidi ampia 0.05. Ikizidi chomoa fyuzi mojamoja mpaka isome chini. Mi ningeanza na alamu na traka, na taa ya buti ambayo mlango ukifungwa huioni kama bado inawaka.