Shangazi, hili gego la mwisho ling'olewe au nivumilie?

Shangazi shikamoo. Mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka 22, nasoma chuo. Nina gego la mwisho kule nyuma, chini kushoto, limechomoza nusu, nusu nyingine bado imefunikwa na nyama ya ufizi. Kila baada ya miezi miwili mitatu linavimba, shavu linakuwa kama nimeficha andazi, mdomo haufunguki hata kijiko kinapita kwa shida. Nikienda duka la dawa napewa vidonge, linatulia, halafu linarudi tena. Daktari kasema ling'olewe kwa kupasua. Sasa mama anasema jino lililovimba ukiling'oa unakufa, na bibi yuko Mpwapwa anasema nitapofuka macho. Hospitali wakipiga simu sipokei. Nifanyeje?
Mwoga wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu, na pole sana, hayo maumivu sijasimuliwa. Langu lilikuwa chini kulia, nilikuwa na miaka 27, na mimi nililibembeleza na vidonge karibu mwaka mzima, kwa hiyo sikucheki.

Hilo jino wengi wanaliita jino la akili, na Waarabu nao wanaliita hivyohivyo, kwa sababu linachelewa kuota, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25, mtu ameshaanza kuhesabiwa mkubwa. Kwa kawaida yanakuwa manne, moja kila kona, ila kuna watu hawana hata moja na hawajapungukiwa kitu. Shida yake linafika siti zimeshajaa, kama daladala ya jioni, basi linajipenyeza kiubavu au linachungulia nusu na kukwama hapohapo. Na hiyo nyama iliyolifunika ndo ugonjwa wenyewe, maana chini yake kuna kimfuko, ugali unaingia, mlenda unaingia, mswaki haufiki, bakteria wanaweka makazi. Vidonge vinawapunguza tu, kimfuko kinabaki palepale. Na hizi dozi za nusunusu za kununua bila cheti acha kabisa, unawazoesha wadudu dawa, siku ukiihitaji kweli haifanyi kazi.

Mama yako usimbishie sana, ana chembe ya ukweli. Jino likiwa limewaka, ganzi haishiki vizuri, ndo maana madaktari wengi wanatuliza uvimbe kwanza kisha wanakupangia siku. Ila kinachoua sio kung'oa, kinachoua ni usaha kusambaa kwenda chini ya ulimi na shingoni. Ukiona uvimbe umeshuka chini ya kidevu, kumeza mate shida, homa, pumzi inakuwa nzito, hapo hata kama ni saa nane usiku tafuta bajaji uende hospitali, usisubiri kuche. Bibi naye msalimie sana, mwambie neva ya jino na neva ya kuonea ni njia mbili tofauti.

Sasa siku yenyewe. Kwanza utapigwa picha ya taya zima, na usikubali kupasuliwa bila kupigwa picha, kwa sababu ndani ya taya la chini kuna neva inapita na mizizi ya hilo gego wakati mwingine inaigusa. Ikisumbuliwa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kufa ganzi, kwa wengi inarudi baada ya wiki au miezi, kwa wachache sana hairudi, kwa hiyo muulize daktari mizizi yako imekaaje. Halafu ganzi, hiyo sindano inauma, sikudanganyi. Baada ya hapo unachosikia ni kusukumwasukumwa na makelele, wanachana ufizi, wanasaga mfupa kidogo, jino lenyewe wanalikata vipande walitoe kimojakimoja. Nilijihisi kama mlango wa fundi seremala. Maumivu, hapana kabisa, ila machozi yalinitoka kwa woga tu.

Kosa langu lilikuja baadaye. Mahali nilipong'olewa hawakunipa maelekezo yoyote ya maana, nikatoka najisikia shujaa, njaa inauma, nikapitia chipsi, shavu bado lina ganzi, nikalitafuna shavu langu mwenyewe bila kujua mpaka nilipoona damu kwenye sahani! Ganzi ikaisha usiku nikawa na vidonda viwili badala ya kimoja. Kwa hiyo we usile mpaka ganzi iishe. Ng'ata hiyo pamba nusu saa mpaka saa zima bila kuichungulia kila dakika. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme teme mate, usinywe kitu kwa mrija, maana lile bonge la damu kwenye shimo ndo kifuniko cha kidonda, ukilifyonza linatoka. Barafu funga kwenye kitambaa, weka shavuni ukipumzisha pumzisha. Kesho yake anza kusukutua taratibu na maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Uvimbe utazidi siku ya pili na ya tatu, usishtuke, ndo kawaida yake. Kula uji uliopoa, viazi vya kuponda, mtori. Kama una vidonda vya tumbo mwambie daktari kabla hajakuandikia ibuprofeni. Na ukipewa Flagyl, wine yetu ya Dodoma isubiri mpaka dozi iishe na siku kadhaa mbele.

Pokea simu ya hospitali, mwanangu.

Shangazi, nimeng'olewa gego Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilikuwa freshi, leo Alhamisi linauma kuliko hata kabla, maumivu yanapanda mpaka sikioni na mdomo unanuka. Panadol haisaidii. Sigara nimevuta mbili tu.
Kaka wa Kongwa

Mbili tu! Kaka, hizo mbili zinatosha. Inaelekea kile kifuniko cha damu kimetoka, mfupa uko wazi, wenyewe wanaita drai soketi, na huwa inaanza hivyohivyo siku ya pili mpaka ya nne. Rudi kwa daktari leo, ataosha shimo na kuweka dawa, nyingi zina kiini cha karafuu, utaisikia harufu yake na nafuu unaweza kuipata mapema tu. Ila usijimwagie mafuta ya karafuu mwenyewe nyumbani, yanaunguza. Sigara weka pembeni, na ugoro pia, najua Kongwa mnaupenda.

Shangazi, binti yangu ana miaka 19, magego yake yote manne yamelala ndani, hayaumi, ila tumeambiwa tuyatoe yasije kusukuma meno ya mbele.
Mama wa Area C

Mama, ushahidi kwamba yanasukuma meno ya mbele ni dhaifu. Uingereza mwaka 2000 taasisi yao ya NICE, ile inayotoa miongozo ya matibabu, iliwaambia madaktari waache kung'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa wowote. Muulize daktari wenu swali moja tu, kwenye picha kuna nini kibaya, labda limetoboa jirani yake au kuna uvimbe wa maji. Kama hakuna, yaangaliwe mara kwa mara, na hela yako ya kung'olea manne ilipie ada.