Umeme na Bando Analipa Nani? Uliza Kabla Hujakubali Kufanyia Kazi Nyumbani

Machi 2020, usafiri wa umma uliposimamishwa kwa sababu ya korona, kampuni ninayofanyia kazi hapa Kampala ilituambia kila mtu abebe kompyuta yake aende nayo nyumbani. Nilifurahi sana. Foleni ya Barabara ya Jinja, kutoka Bweyogerere hadi mjini, ilikuwa inanila saa mbili nzima kila asubuhi.

Mimi nahudumia wateja wa Kenya na Tanzania kwa simu. Wiki ya pili umeme ulikatika katikati ya mazungumzo na mama mmoja wa Mombasa. Nikaunganisha kompyuta na intaneti ya simu yangu, na bando la siku tatu likaisha kabla ya adhuhuri. Jioni ile nilichukua daftari la binti yangu, nikageuza ukurasa wa nyuma, nikaandika kwa shilingi za Uganda: Yaka (umeme wa kulipia kabla) 20,000, bando 10,000. Nikawa naandika kila siku. Baada ya miezi miwili nikampelekea meneja picha za kurasa zile. Hakubisha. Tangu hapo napata posho ya intaneti, ingawa umeme bado najilipia. Tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12, kwa hiyo posho ya zamani haitoshi. Omba iangaliwe upya kila mwaka.

Jambo jingine ni siku ambazo kazi haiwezekani. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima karibu siku tano. Sisi tulikatwa siku hizo kwenye likizo. Iliniuma, na bado naona si haki. Mkataba useme wazi siku kama hizo zinahesabiwaje.

Na usihame mji haraka kwa sababu tu unafanyia kazi nyumbani. Makampuni makubwa yenyewe yamebadilisha mawazo: Zoom, ambao biashara yao ni mikutano ya mtandaoni, mwaka 2023 waliwataka wafanyakazi wanaoishi karibu na ofisi warudi siku mbili kwa wiki. Amazon wakadai siku zote tano kuanzia Januari 2025. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alihamia Masaka, mji ulio mbali na Kampala, kodi ya nyumba ikapungua nusu, lakini hakuomba ruhusa hiyo kwa maandishi. Sasa tunaitwa ofisini Jumanne na Alhamisi. Siku hizo anaamka saa tisa usiku awahi teksi ya kwanza, watoto anawaacha kwa jirani wakiwa bado wamelala.