Cinque Terre wikiendi moja, wanafunzi tisa: nilivyoenda mimi

Mdogo wangu, umesema umefika Pisa Septemba kwa masomo ya uzamili, darasa limepanga kwenda Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya mkoa wa Liguria, Ijumaa jioni mpaka Jumapili, mko tisa, mfukoni una euro 150, unakula halali, na kuna mwenzenu anayeng'ang'ania vijiji vyote vitano vionekane Jumamosi moja. Unauliza kama uende au ubaki hosteli usome.

Nenda. Mimi nilikuwa hapo hapo Pisa, mwaka wa pili, na safari yangu ilikuwa mwisho wa Oktoba, nasi tulikuwa tisa vilevile: Mtanzania mimi, Mkenya wa Mombasa, Mkameruni, Waethiopia wawili, Mturuki, Wahindi wawili na msichana wa Kiitaliano kutoka Calabria ambaye naye alikuwa hajawahi kufika huko. Nilitumia kama euro 120 kwa yote. Bei zimepanda kidogo tangu hapo, lakini 150 inakutosha kama mtalala mahali sahihi.

Mahali sahihi ni La Spezia. Msikubali mtu awashawishi kulala ndani ya vijiji vyenyewe, vyumba ni vichache na bei yake si ya mwanafunzi. La Spezia ni mji wa bandari na wa jeshi la majini, watu wanaishi maisha yao ya kawaida, chakula kina bei ya kueleweka. Kutoka Pisa ni treni ya kawaida ya mkoa, saa moja na kidogo. Kutoka La Spezia, kijiji cha kwanza, Riomaggiore, ni chini ya dakika kumi kwa treni. Baada yake ni Manarola, Corniglia, Vernazza, na cha mwisho Monterosso. Vyote viko kwenye reli moja inayopita ndani ya mlima, handaki baada ya handaki.

Sasa nikueleze kilichotupata Ijumaa usiku, maana ndicho kilichonifanya niandike jibu refu hivi. Tulifika hosteli saa nne kasoro. Italia kila anayelaza wageni lazima achukue taarifa za vitambulisho vyao na kuzipeleka polisi, hata kama unalala usiku mmoja. Tukatoa pasipoti moja moja. Dada yetu Mkameruni akatoa kitambulisho cha chuo na picha ya pasipoti kwenye simu. Pasipoti yenyewe ilikuwa Pisa, ndani ya begi chini ya kitanda. Mapokezi wakakataa. Tuliomba, Mkalabria akaongea Kiitaliano chake chote, hapana. Kwa hiyo mimi na yule dada Mkameruni tukarudi stesheni, tukapanda treni ya usiku kurudi Pisa, na alfajiri tukaanza tena safari. Njia nzima alikuwa kimya, akaniambia sentensi moja tu, kwamba ameharibu safari ya watu. Asubuhi tulipotokea, wale saba walikuwa wamekaa kwenye ngazi za stesheni wanatusubiri, na kifungua kinywa chetu wametufungia kwenye karatasi. Nauli yetu ya ziada walishachangishana bila kuulizwa. Nina picha nyingi za ile safari, lakini hiyo ya ngazi za stesheni ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa haina bahari.

Tuje kwenye suala la vijiji vitano. Kwetu pia alikuwepo mtu wa namna hiyo, mmoja wa Wahindi. Tuligawanyika: wanne wakaenda kuvitafuta vyote, watano tukachagua njia moja ya kutembea na vijiji viwili. Jioni wale wanne walikuwa wameona zaidi mahandaki na foleni za kushuka treni. Fahamu kwamba stesheni za huko ni fupi, pale Vernazza mabehewa mengine husimama ndani ya handaki, na watu wasioelewa hubaki ndani wakidhani treni bado haijafika. Wawili kati ya wale wanne walipelekwa hivyo hadi Monterosso, wakatumia saa nzima kutafutana na wenzao. Kundi la watu tisa haliendi kwa mwendo wa saa, linaenda kwa mwendo wa aliyebaki chooni. Vijiji viwili na njia moja vinatosha kabisa kwa siku.

Njia yenyewe niliyoipenda: shukeni Manarola, kuna basi dogo linapanda mpaka kijiji cha Volastra, zaidi ya mita 300 juu ya bahari. Kutoka Volastra mnatembea mpaka Corniglia, saa moja na nusu hivi, mbili mkipiga picha. Kipande hicho hakitozwi kiingilio. Vinavyotozwa ni vile vya pwani, Corniglia hadi Vernazza na Vernazza hadi Monterosso. Kuna kadi ya siku inayojumlisha treni, njia hizo na yale mabasi madogo. Bei yake hupanda siku zenye watu wengi, basi angalieni kabla. Ile njia maarufu ya Riomaggiore na Manarola, Via dell'Amore, mawe yaliporomoka mwaka 2012 na kujeruhi watu, ikafungwa, ikaja kufunguliwa tena 2024. Ni fupi, ina kiingilio chake na muda wa kupangiwa. Kwa kundi la wanafunzi mimi ningeiacha.

Viatu viwe vya kushika ardhi. Msiende na ndala, kuna faini, na jiwe likilowa linateleza vibaya. Masanduku ya magurudumu yabaki Pisa.

Sasa niseme jambo ambalo picha za mtandaoni haziliongelei. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Matuta nimeyakuta nyumbani, nimelima juu yake, najua mvua ya masika inavyokwenda na shamba la mtu usiku mmoja. Ule mlima wa Volastra wote ni matuta. Mizabibu inashuka ngazi kwa ngazi mpaka karibu na bahari, na kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila saruji, bila tope la kushikilia. Kwetu udongo tunauzuia kwa majani ya gwatemala. Wao wameuzuia kwa mawe, kwa mamia ya miaka.

Tulimkuta mzee anajenga sehemu iliyobomoka. Alikuwa na nyundo, ndoo ya vipande vidogo, na rundo la mawe aliyoyatenga kwa ukubwa. Nikasimama. Nikamwambia Mkalabria amweleze kwamba baba yangu ana matuta, Tanzania. Mzee akaniangalia, akaniashiria rundo, nichukue jiwe niliweke. Nikachagua moja refu, nikalilaza kama tofali, upande wake mrefu ukitazama nje, nikaona limekaa vizuri. Akalitoa. Akaligeuza ule urefu ukaingia ndani ya ukuta, nje kikabaki kichwa chake tu, akalibana kwa vipande viwili vidogo, akaligonga mara moja. Halafu akanionyesha nyuma ya ukuta, kote amejaza kokoto, maji yapate pa kupita. Ukuta wenyewe umeegemea mlima kidogo. Ukijengwa na saruji maji yanajaa nyuma yake yanausukuma. Huu unapumua.

Nilimpigia baba simu jioni ile nikamweleza lile jiwe kwa dakika ishirini.

Wazee wa namna hiyo wamebaki wachache. Tangu kuja kwa reli na kazi za karakana ya jeshi la majini La Spezia, vijana walianza kuacha mashamba, na baadaye utalii ukawa na hela kuliko zabibu. Matuta yakiachwa, kuta zinabomoka, na mlima unaanza kushuka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha tope na mawe Vernazza na Monterosso, likajaa barabarani mpaka kufikia ghorofa ya juu, watu wakafa. Mkipita Vernazza na kuona barabara kuu safi na viti vya mgahawa, kumbukeni chini yake mna mto uliofunikwa. Ndiyo maana UNESCO mwaka 1997 haikuandikisha vijiji peke yake kwenye urithi wa dunia, iliandikisha mandhari nzima pamoja na kazi ya mikono iliyoitengeneza. Mwaka 2018 ikaandikisha na ufundi wenyewe wa kuta hizo, wa Italia na nchi nyingine kadhaa za Ulaya.

Kwa sababu hiyohiyo, kila jioni angalieni tahadhari ya hali ya hewa ya Liguria. Inatoka kwa rangi. Ikiwa ya machungwa au nyekundu njia hufungwa, na wala msibishane nayo.

Chakula hakikupi shida. Liguria wanapaka focaccia, mkate wao bapa, mafuta ya zeituni, ila uliza kama hawakuweka strutto, hayo ni mafuta ya nguruwe. Tafuta farinata: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, inaokwa kwenye sinia kubwa ndani ya tanuri la kuni. Mkenya wetu alipoionja alisema ni bajia iliyolala chini, na kweli ladha ni ileile. Kuna tambi za pesto, mchuzi wa kijani wa majani ya mrihani, zinazochemshwa pamoja na viazi na maharage mabichi. Na kuna samaki wa Monterosso, acciughe, wakubwa kidogo kuliko dagaa wetu, wanakaangwa na kuuzwa kwenye koni ya karatasi. Ukikaa mezani utaona kwenye bili kitu kinaitwa coperto, hiyo ni pesa ya kukaa, kila mtu yake, msigombane na mhudumu. Kahawa kunyweni mmesimama kaunta, ni nafuu.

Corniglia iko juu, haina bandari, na kutoka kijijini kushuka stesheni ni ngazi 382. Nyinyi mtakuwa mnashuka, wale wanaopanda watawaonea wivu.

Jumapili msinunue kadi tena. Pandeni basi la mji kutoka La Spezia mpaka Portovenere, kama nusu saa. Kanisa la mawe limesimama juu ya mwamba mwishoni kabisa, bahari pande tatu. Tulikaa pale asubuhi nzima bila kulipa chochote, nami nikaswali adhuhuri yangu nyuma ya ukuta ambako upepo haukufika. Mturuki alinishikia viatu.

Hela kusanyeni kabla, mtu mmoja awe mweka hazina, kila mmoja atoe euro 30 za mfuko wa pamoja kwa mabasi, maji na kodi ya kulala ambayo hosteli nyingi hudai taslimu. Na Ijumaa mchana kabla hamjatoka, mkutane mahali pamoja, kila mtu atoe pasipoti yake aiweke mezani, na kama kibali cha kuishi hakijatoka, ile risiti ya posta ya kukiomba. Ionekane kwa macho, siyo kwa kuulizana kwenye WhatsApp. Sisi tuliulizana kwenye WhatsApp, na wote tisa tulijibu ndiyo.