Namuuguza mama huku nina uchungu moyoni, je Mungu anaipokea huduma yangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni dada wa miaka 34, sijaolewa, huu ni mwaka wa tatu namuuguza mama yangu aliyepooza upande mmoja. Tumezaliwa wanne ila wenzangu wote wanasema wewe huna familia, wewe ndo una nafasi. Kazi niliacha. Usiku naamka mara mbili mara tatu kumgeuza asipate vidonda, na kuna siku namgeuza huku nalia kwa hasira, yani sio hasira na mama, hasira tu. Kwaya nimeacha, kiongozi mmoja kanisani akasema nimepoa kiroho, mwingine akaniambia beba msalaba wako dada thawabu yako iko mbinguni. Sasa nauliza, huduma ninayoitoa na uchungu hivi Mungu anaipokea? Na kuna rafiki yangu ameniita nikapumzike kwake siku nne, nikienda ni dhambi?

JIBU: Amina dada yangu, na pole sana. Nianze na hilo la kwaya maana ni jepesi kulimaliza. Soma Marko 7 kuanzia mstari wa 9, kuna watu walikuwa wanasema mali yangu hii ni Korbani, yani nimeshaiweka wakfu kwa Mungu, kwa hiyo baba na mama siwezi kuwasaidia nayo, na Yesu akawaambia wazi kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mtu aliyeacha kuimba ili amgeuze mama yake usiku hajapoa popote, yuko ibadani. Huyo kiongozi nitamwachia Mungu.

Sasa kwenye uchungu. Watu wengi wanafikiri sadaka ikishaguswa na manung'uniko imeharibika, kama maziwa yaliyoingia nzi, na wanakuja na 1 Wakorintho 13:3 kwamba hata nikiutoa mwili wangu niungue moto, kama sina upendo hainifaidii kitu. Ni kweli kabisa. Ila angalia Paulo anavyoueleza huo upendo mistari inayofuata, anasema upendo huvumilia, hufadhili, hauhusudu, hautafuti mambo yake, hajasema popote kwamba upendo hujisikia vizuri saa nane za usiku. Wewe unaamka, unamgeuza, unamfunika, unarudi kulala, na kesho usiku unaamka tena. Huo ndo upendo wenyewe, hayo machozi ni uchovu.

Na kuna ule mfano wa wana wawili, Mathayo 21:28 hadi 31, ambao nadhani tunauhubiri kidogo sana. Baba anawaambia wanawe nendeni mkafanye kazi kwenye shamba la mizabibu, mmoja anajibu naenda Bwana, haendi, mwingine anajibu sitaki, tena bila hata kuzunguka, halafu baadaye anatubu anaenda. Yesu akauliza nani aliyafanya mapenzi ya babaye, na hata wale wapinzani wake walijua jibu. Wewe ndo yule wa sitaki aliyeko shambani. Wale wa "mama anaendeleaje, tunaomba sana" kwa simu kila Jumapili ndo wale wa naenda Bwana, na nasema hivyo bila kuwahukumu maana sijawasikia upande wao.

Tena Yesu mwenyewe usiku ule Gethsemane Marko anaandika alianza kufadhaika sana na kuhangaika, akaomba kikombe kiondolewe. Hajaomba mara moja, amerudia. Kama Mwana wa Mungu aliruhusiwa kusema sitamani hiki, wewe nani kakukataza?

Lakini hapa sasa nataka tukae kidogo kwa sababu nahisi shida yako kubwa iko hapa, na uchungu ni dalili tu. Yohana 10:18 Yesu anasema kuhusu uhai wake, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Sadaka ya kikristo inatolewa na mwenyewe. Maximilian Kolbe, yule padri wa Poland, mwaka 1941 kule Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, walipochaguliwa wafungwa kumi wafe kwa njaa na mmoja wao akalia kwa ajili ya mke na watoto wake, Kolbe alitoka mwenyewe kwenye mstari akasema nichukueni mimi. Wangekuwa wafungwa wenzake ndo wamemsukuma mbele wakisema wewe padri huna familia, hiyo isingekuwa sadaka, hayo yangekuwa mauaji mengine. Mtu akikuambia beba msalaba wako huku yeye mwenyewe hajagusa hata ncha ya huo msalaba, amechukua neno ambalo Yesu aliwaambia wanafunzi wote, Luka 9:23 "mtu yeyote akitaka kunifuata", akalifanya kamba ya kumfungia mtu mmoja. Na hapa naungama, miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilimwambia mama mmoja vumilia tu, nikamshika kichwa nikaomba, nikaenda zangu nyumbani kulala usingizi mzuri. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni je, hii ninaitoa au ninanyang'anywa? Inawezekana ni vyote viwili, mama unamhudumia kwa moyo, ila muda wa zamu za ndugu zako wanakunyang'anya. Paulo anapomwandikia Timotheo sura ya 5 kuhusu wajane anasema watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazazi wao, ni wingi dada yangu, hajasema yule asiyeolewa.

Hata watakatifu tunaowasifia walikuwa na zamu. Padri Damien wa Molokai, watu wanamjua kama mtu aliyejizika kwenye kisiwa cha wenye ukoma, alifika 1873, akaugua huo ukoma, akafa 1889 akiwa na miaka 49. Kumbe mpango wa askofu wake mwanzoni ulikuwa mapadri wanne wapokezane, kila mmoja akae muda fulani atoke. Damien alikuwa wa kwanza, na akaomba mwenyewe abaki. Unaona hapo? Zamu zilikuwepo, kubaki lilikuwa ombi lake.

Na tukija kwenye siku zako nne, nenda kasome Msamaria mwema polepole, Luka 10. Tunapenda mafuta na divai na yule mtu kupandishwa juu ya mnyama, tunaishia hapo. Mstari wa 35, siku ya pili akatoa dinari mbili, ambayo kwa hesabu ya Mathayo 20 ni ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni akasema mtunze huyu, na utakachogharimiwa zaidi nitakulipa nitakaporudi. Halafu akaendelea na safari yake! Hakukaa pale mpaka majeraha yapone. Alimtunza mgonjwa usiku mmoja, akamkabidhi kwa mtu mwingine kwa kazi aliyoitaja, kwa kiasi cha pesa, na kwa ahadi ya kurudi, na huyo huyo aliyeondoka ndo Yesu anamtaja kama jirani na kusema nenda zako ukafanye vivyo hivyo. Vivyo hivyo ni pamoja na dinari mbili, dada.

Basi fanya kama yeye. Usiwaandikie ndugu zako "nisaidieni jamani nimechoka", hiyo watajibu kwa maombi. Andika nitaondoka Alhamisi asubuhi nitarudi Jumatatu, fulani njoo Alhamisi na Ijumaa, fulani Jumamosi na Jumapili, dawa ni hizi saa hizi, anageuzwa kila baada ya muda huu. Wakikataa wote, mwonyeshe mchungaji wako huo ujumbe na majibu yao, aje aongee nao au atafute watu wawili wa kanisani wa kukaa na mama, Wagalatia 6:2, "mchukuliane mizigo", imeandikwa kwa ajili ya kanisa zima. Na kabla hujaondoka kaa na mama umweleze wewe mwenyewe, asisikie kwa wengine.

Sio dhambi. Nenda ukalale. Na ukirudi ukakuta kaka yako ametandika shuka kombo na dawa amezipanga sivyo, usimfokee, na zamu inayofuata mpe yeye.